Mazoezi ya Kubaki

Nyambura, Maitu wangu,

Umelala chini ya meza yangu, juu ya koti langu, na buti moja imekataa kuvuliwa. Ni Ijumaa mchana. Watoto wa darasa la kwanza wameshaenda kwao, wameacha vifuniko vyao vya soda vya kuhesabia vimetapakaa sakafuni kama kawaida yao, na mimi badala ya kuviokota nimekaa kukuandikia wewe, ambaye hata herufi ya kwanza huijui. Kesho asubuhi cucu yako, mama ya mama yako, anakuja kukuchukua ukaishi naye kule Karatina. Jumatatu mimi naenda Nanyuki, kwenye shule niliyohamishiwa. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Nimeyaandika upesi ili yasinisumbue tena.

Barua hii nitampa cucu. Yeye hasomi, lakini kuweka kitu anajua. Ataitia kwenye sanduku lake la bati pamoja na kadi yako ya kliniki, na siku utakapoweza kusoma atakupa. Basi nazungumza na wewe wa siku hiyo, sijui una urefu gani. Sitakuandikia habari za sweta, uji wala chawa. Cucu amelea watoto wake wote na hakuna aliyekufa kwa baridi. Mimi ndiye niliyekuwa nakuvalisha sweta nyuma mbele, mpaka Mwalimu Gathoni wa darasa la pili, jirani yetu, akaniuliza mbele ya watu, "Aki Mwalimu, huyu mtoto anaenda ama anarudi?"

Nakuita Maitu, yaani mama, kwa sababu una jina la mama yangu, kama inavyotakiwa kwa binti wa kwanza. Hapa kwetu hilo si jambo la mchezo. Wazee wa kijiji hiki cha Gakindu wakikukuta njiani na pua yako inatiririka, wanakuvulia kofia na kukuuliza kama shamba lako la kahawa limepata mvua. Siku uliyomwaga wino juu ya madaftari ya watoto, niliinua mkono nikuchape. Hedimasta alikuwa anapita dirishani, akasimama. "Kwani Mwalimu, unataka kupiga mama yako?" Nikashusha mkono. Toka siku hiyo sijakupiga, na si kwa wema, ni kwa aibu.

Cucu naye hakuiti mjukuu. Anakuita Muthoni, yaani mkwe, kwa kuwa mama yangu ndiye aliyekuwa mkwe wake na wewe ndiye umeshika nafasi yake. Alipokuja kutuambia kwamba anataka ukaishi kwake, hakuanza na mimi. Alikupa mikono miwili, akainama kabisa. "Muthoni, nimekuja kukuomba. Njoo ukae kwangu mimi niko peke yangu." Wewe ukafikiri kidogo, ukamjibu, "Niko na buti." Akaniangalia akasema, "Umesikia? Amekubali."

Mama yako aliitwa Wairimu. Alikuwa akishona sare za watoto wa shule kwa cherehani ya mkono, na alikuwa na kelele, alicheka akisikika mpaka fakitori ya kahawa. Kuna jambo moja kumhusu ambalo usipolipata kwangu hutalipata kwa mtu mwingine, kwa sababu tulikuwa wawili tu mlangoni, na mmoja hayupo.

Ulikuwa umepita mwaka kidogo, unatembea kwa kushika kuta. Mama yako alikuwa na maumivu ya tumbo tangu Jumapili, na kila nikimuuliza anasema litapoa. Halikupoa. Mchana mmoja nikapata pikapu ya mtu aliyekuwa akipeleka kahawa, akakubali kushusha magunia yake kando ya barabara ili atupeleke hospitalini. Wewe ulikuwa umelala kitandani, mikono juu, kama ulivyolala sasa. Mwalimu Gathoni alikuwa amekuja kubaki nawe, yuko jikoni. Mama yako akashika mlango. Akasema, "Wacha nimwamshe nimuage."

Nikamwambia, "Usimwamshe, atalia. Twende tu, tutarudi."

Si kwamba nilikuwa mkali. Ndivyo kila mtu anavyofanya hapa kwetu. Mtoto hatorokwi kwa ubaya, anatorokwa ili asilie. Mama anayeenda sokoni anampa mtoto kipande cha mhogo, mtoto akigeuza kichwa, mama ametoweka kwenye kahawa. Mimi nililelewa hivyo, mama yako alilelewa hivyo, na sote tulidhani ni huruma. Basi akakutazama kutoka mlangoni, akakaza leso kiunoni, tukatoka.

Alipasuliwa jioni ileile na hakuamka. Sina neno juu ya hospitali. Walijitahidi.

Watu wakiniuliza nilihisi nini, nawajibu maneno wanayotaka kusikia. Wewe nakuambia kweli. Sikuhisi kitu. Nilisimama kando ya kaburi nikifikiria kwamba chaki zimebaki kidogo stoo na hakuna aliyeagiza nyingine. Wazee walinisifu. Wakaambiana, na mimi nasikia, "Huyu Mwalimu ni mwanaume. Hata chozi!" Nikasimama wima zaidi, nadhani. Wiki iliyofuata nilikuwa darasani nafundisha kujumlisha. Chakula nilikuwa nakitia chumvi na bado hakina chumvi. Nilifikiri ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, kwamba nikingoja kidogo utaanza kuchoma halafu utaamka. Nimengoja. Mpaka leo nafanya kazi zangu zote vizuri, nafua, napika, nasahihisha, na ndani hakuna mtu.

Wewe ulihisi kwa niaba ya nyumba nzima. Siku ile, Mwalimu Gathoni aliniambia, uliamka ukampita kama kiti, ukaenda kutazama nyuma ya mlango. Ukatazama chini ya kitanda. Ukafungua mdomo wa gunia la mahindi ukachungulia ndani. Kwa wiki nyingi baadaye, ukiamka, kabla ya kulia na kabla ya uji, ulipita kwa mpango uleule: mlango, kitanda, gunia. Nilikuwa nakutazama kutoka kwenye kiti na kikombe cha chai mkononi. Sikukuzuia na sikukusaidia.

Kisha ukaanza kukataa kulala. Ulishika kidole changu hiki cha shahada, macho yanafunga, unayafungua kwa nguvu, yanafunga, unayafungua. Nilikuwa nakukaripia. "Lala! Lala, bwana!" Nikadhani ni ukaidi, nikasema umerithi kwa mama yangu. Mwalimu mzima wa watoto wadogo, mwenye cheti kimetundikwa ukutani, na sikuelewa. Ilikuwa muda mrefu kabla sijaona kwamba ulikuwa umefundishwa somo na umelishika barabara. Somo lenyewe ni kwamba mtu akilala, watu wanaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kukuleta darasani, ili nisikuache na mtu. Hedimasta alisema, "Mlete, bora asikule chaki." Ukala chaki. Ukala na kifutio kidogo. Asubuhi nilikuwa nakubeba mgongoni kwa taulo, madaftari chini ya kwapa, na wanawake waliokuwa wakichuma kahawa wanasimama kunitazama, maana mwanaume na taulo mgongoni hawajaona. Mmoja akaniita, "Ii Mwalimu! Umejifungua lini?" Nikamwambia, "Jana." Walicheka mpaka wakashika matawi. Mimi pia nilicheka, mdomo ulicheka.

Darasani ulikaa chini ya meza hii na vifuniko vyako. Kila asubuhi nikiita majina watoto wanajibu, "Nipo, Mwalimu," na nikimaliza wa mwisho sauti yako inatoka chini, "Nipo!" bila kuitwa. Watoto wanavunjika mbavu. Baadaye nikaanza kukuita. Hukuandikwa popote lakini ulikuwepo kuliko wengi walioandikwa. Ukajifunza na makofi yetu. Mtoto akipata hesabu ubaoni nasema, "Mpigieni," darasa linampa makofi matatu ya haraka na moja kubwa. Wewe ulikuwa unayapiga ukiwa umechelewa, hilo kubwa linasikika peke yake wakati wote wameshanyamaza.

Tungeendelea hivyo. Lakini mwanzoni mwa muhula huu uhamisho wangu ukaja. Shule yenyewe iko mbele ya Nanyuki, kwenye upepo, na chumba ni kimoja, tutalala walimu wawili. Nilikwenda kuona. Mwalimu mkuu wa huko ni mtu wa heshima, aliniambia kwa upole kwamba kwake mtoto asiye mwanafunzi haingii darasani. Cucu alipopata habari ndipo alipokuja na kukuinamia. Tulipobaki wawili akaniambia, "Baba Nyambura, mtoto halelewi na chaki. Nipe." Nikasema sawa. Nilisema upesi mno, na nikaona akinitazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kubishana, akakosa wa kubishana naye. Ukija kuwa mtu mzima, mtu akikupa kitu kizito kwa urahisi, usidhani hakipendi. Pengine mikono yake imekufa ganzi.

Ndipo Mwalimu Gathoni akaja na ushauri, na alikuja nao kwa mapenzi, pamoja na sufuria ya githeri. "Siku hiyo mpe uji mzito ashibe. Akilala, cucu amchukue akiwa usingizini. Akiamka wako Karatina. Atalia huko, hutasikia." Cucu pia alikuwa amesema hivyohivyo.

Nikakasirika, Maitu. Sikujua kama bado ninaweza. Niliweka sufuria yake chini kwa nguvu nikasema, "Hapana. Huyu hatatorokwa usingizini tena." Gathoni akarudi nyuma hatua. Kisha akauliza polepole, "Sasa utafanya nini?" Nikamwambia nitakufundisha. "Utamfundisha nini?" Kuagwa, nikasema. Akanitazama kwa huruma, nadhani alifikiri nimeanza kuchanganyikiwa. "Unataka kufundisha mtoto kwaheri kama hesabu?" Nikamwambia hesabu pia hakuna aliyezaliwa akiijua.

Mimi sijui kufundisha kitu kikubwa kwa mara moja. Tunaanza na kifuniko kimoja, kesho viwili. Basi siku ya kwanza, watoto walipokwenda, nilikukalisha kwenye dawati la mbele nikachuchumaa mbele yako. Nikasema, "Ninaenda. Nitarudi." Nikatoka nikasimama nyuma ya tangi la maji, hapo tu.

Ulilia, wee! Watu wa fakitori walisimama na ndoo zao kutazama shuleni ni nini. Nilikaa nyuma ya lile tangi nimeegemea bati, baridi inaingia mgongoni, nikajilazimisha kungoja kidogo, kisha nikarudi mlangoni. "Nimerudi." Ukanirushia buti. Nikakupigia makofi, matatu na moja kubwa. Hapo ndipo ulipokasirika kabisa, kwa sababu unajua makofi ni ya nani. "Nimelia!" ukaniambia, kunisahihisha. Nikakuambia, "Kulia si makosa. Umebaki. Anayebaki anapigiwa makofi." Ukafikiri. Ukanipa buti nikuvalishe.

Tukaweka sheria zetu. Anayeenda anaaga. Anayebaki hafuati. Anayerudi anasema nimerudi, hata kama ameonekana. Kila siku nikasogea kidogo, mpaka ofisini, mpaka kwenye ua wa miiba, ule wa kei-apple, mpaka bondeni nisipoweza kuona paa la darasa. Mwalimu Gathoni alikuwa amekaa nyuma ya darasa akisahihisha kazi zake, nimemwomba asikubembeleze na asikudanganye. Alinung'unika lakini alishika. Siku niliyofika mpaka madukani Gakindu, mwenye duka alinizuia na maneno mengi juu ya bei ya kahawa, nikachelewa sana. Nilikimbia kurudi, mwalimu mzima na kilo ya sukari. Gathoni akaniambia ulikuwa umekwenda nyuma ya mlango ukatazama, ukainama chini ya dawati ukatazama, halafu ukarudi ukakaa. Ukasema, "Atarudi." Gathoni alinisimulia huku akijifuta pua. Mimi nikasema vizuri, nikaenda kuweka sukari.

Na wiki hii, Jumatano, nilichuchumaa mbele yako kama kawaida. "Ninaenda. Nitarudi." Hukuinua hata kichwa. Ulikuwa unapanga vifuniko, vyekundu peke yake na vya njano peke yake. "Haya, enda," ukasema.

Nikaenda. Nilisimama nyuma ya tangi nikitazama tone likijaa kwenye bomba na kuanguka. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta muhula mzima, na sijapata mwanafunzi aliyeelewa somo langu hivyo. Nilingoja nifurahi. Nilipoona furaha haiji nikarudi, nikasema nimerudi, ukasema, "Sawa."

Siku hizi unalala bila kidole changu. Umelala sasa bila hicho kidole, ndicho ninachoandikia, hakina kazi nyingine.

Basi haya ndiyo niliyotaka uwe nayo. Siku moja mtu atakuambia, kwa kukuonea huruma au kwa kuongea tu, kwamba mama yako aliondoka bila kukuaga. Usimwamini. Alitaka kukuamsha. Mkono wake ulikuwa mlangoni na alisema maneno hayo niliyokuandikia. Mimi ndiye niliyesema twende. Sikuambii ili unisamehe wala unikasirikie, ukitaka lolote kati ya hayo mawili utakuja unione, tutakaa. Nakuambia ili ujue kwamba ulitakwa uagwe.

La pili ni dogo. Watu walinisifu kaburini kwa jambo ambalo sikulifanya. Sikujizuia kulia, sikuwepo tu. Wakikusifu kwa ugumu wako, ujiulize kwanza kama ulikuwepo.

Na la tatu si ushauri, ni woga. Nitakuja kila likizo, na mwisho wa mwezi nikipata gari la kunishusha Karatina. Nitasimama mlangoni kwa cucu nitasema, "Nimerudi." Lakini nimefundisha watoto wadogo na najua wanavyosahau. Wanatoka likizo hawakumbuki hata kiti chao. Inawezekana nitasema nimerudi, na wewe ujifiche nyuma ya cucu uulize huyu ni nani. Ikiwa hivyo, nitakusalimia kwa mkono kama wageni wanavyosalimiana, nitakunywa chai, na nikiondoka nitakuaga kama sheria inavyosema. Mwezi ujao nitarudi tena. Tulishaanza na kifuniko kimoja, tunaweza kuanza tena.

Cucu nimemwambia mwondoke kweupe, macho yako yakiwa wazi, ukitembea na miguu yako. "Atalia njia yote," akasema. Nikamwambia alie. Akasema, "Basi nitaleta leso kubwa."

Sasa nikuambie la leo, kisha niokote vifuniko.

Watoto walipotoka nilitaka tufanye mazoezi ya mwisho. Nilikuwa hata sijachuchumaa. Ukashuka kutoka kwenye dawati, ukanishika suruali, ukanivuta. "Wewe kaa," ukasema. Ukanikalisha hapo mbele, kwenye kile kidawati cha watoto, magoti yangu yako karibu na kidevu. Ukasimama mbele yangu, mikono nyuma, tumbo mbele. Kumbe ndivyo ninavyosimama.

"Mimi ninaenda," ukasema. "Nitarudi."

Ukatoka.

Nikacheka. Kisha nikaacha, kwa sababu niliona kitu ambacho mwanafunzi wa chuo cha ualimu angekiona siku ya kwanza. Muhula mzima tumefanya mazoezi ya mimi kwenda na wewe kubaki. Wewe umeshapita mtihani. Kesho anayekwenda ni wewe. Anayebaki ni mimi, na sijafanya mazoezi hata mara moja.

Nilisikia buti zako kwenye changarawe, zinaburuzika, zikafika tangini, zikanyamaza. Nikangoja. Ukachelewa. Sasa najua ulikuwa unachuma kahawa mbivu kwenye mti ulio karibu na ua, mifuko yako yote imejaa, lakini wakati ule sikujua, nilijua tu kwamba buti zimenyamaza. Nikataka kuinuka. Anayebaki hafuati. Nikashika dawati. Nikatazama mlango, wazi, na jua kwenye sakafu. Halafu sijui kilichonipata, nilinyoosha shingo nikatazama nyuma ya mlango. Nikainama nikatazama chini ya dawati. Darasani hakuna gunia la mahindi. Lingekuwepo ningelifungua.

"Nimerudi."

Ulikuwa umesimama mlangoni, mikono inanata na utomvu wa kahawa. Ukaja mpaka mbele yangu, ukanishika mashavu yote mawili, ukanitazama uso kwa makini, kama ninavyotazama ukurasa uliofutwafutwa.

"Umelia," ukasema.

"Sijalia." Ni mazoea.

Ukapitisha kidole chini ya jicho langu, ukakishika hewani tukione sote wawili. Kilikuwa kimelowa. Nilikitazama muda mrefu kuliko wewe, Maitu.

"Kulia si makosa," ukaniambia. Ukarudi nyuma hatua moja ili upate nafasi, ukanipigia makofi, matatu ya haraka na moja kubwa.

Kesho nitasimama mlangoni. Sitafuata.

Baba yako, anayebaki.